Mjuzi wa Nyika: Juu ya Kuunda Fani ya Mhusika katika Mchezo wa Mezani

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, kilitolewa kisanduku chenye vijitabu 3 vya mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezo huo hauna mshindi wala mshinde, na hata ubao si lazima. Watu huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, atakayeitwa hapa msimamizi, hueleza mahali na mambo yanayotokea. Wengine, kila mmoja akiwa amejitwalia mhusika wake, husema mhusika huyo afanya nini. Na jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa ili kuamua. Hivyo karibu kila kitu katika mchezo huu ni maneno. Mlima upo kwa kuwa msimamizi amesema upo. Mto wavukika au hauvukiki kwa kadiri ya kanuni iliyoandikwa na kauli iliyotamkwa. Kwa sababu hiyo mchezo ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa upuuzi wa vijana wastahili kutazamwa na wanafunzi wa lugha, maana ndani yake huonekana wazi jinsi sentensi moja ya kanuni iwezavyo kuumba nchi nzima, au kuifuta.

Kila mhusika ana fani yake. Neno la Kiingereza litumikalo hapa lina maana pia ya darasa na ya tabaka la watu. Tabaka lingeleta fikira za utajiri na umaskini zisizohusika; daraja nalo lahitajika kwa jambo jingine, kwani mhusika huanza daraja la 1 na kupanda kadiri apatavyo uzoefu. Fani, kwa maana ya tawi la elimu au ufundi, latosha. Fani ya mhusika ni mkusanyo wa yale ayawezayo yeye na wenzake hawayawezi, pamoja na yale aliyokatazwa. Vijitabu vya 1974 vilikuwa na fani 3 tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Hapakuwa na mtu wa nyika.

Nyika yenyewe, hata hivyo, ilikuwapo tangu mwanzo. Kijitabu cha tatu kilihusu mapango ya chini ya ardhi na safari za nyikani, na kwa safari hizo wachezaji waliambiwa watumie ubao wa mchezo mwingine, Outdoor Survival, uliotolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1972. Mchezo ule ulikuwa juu ya mtu aliyeachwa mwituni akishindana na njaa, kiu na kupotea njia. Dungeons & Dragons iliazima ubao tu, lakini shida zile zikaja pamoja nao. Kanuni za safari ziliandikwa kwa uwazi zaidi katika kisanduku cha mwaka 1981 kilichotayarishwa na David Cook pamoja na Steve Marsh. Humo kila siku ya safari, kwa msafara usiofuata barabara, msimamizi hutupa dadu yenye pande 6. Katika mbuga ya majani bahati ya kupotea ni 1 katika 6. Katika msitu, vilima na milima ni 2 katika 6. Katika kinamasi, jangwa na misitu minene ya nchi za joto ni 3 katika 6. Waliopotea hawaambiwi. Msimamizi huamua kimya kimya waelekea wapi, nao huendelea wakidhani wako njiani.

Hesabu ya kanuni hiyo yafaa kufanywa, kwa sababu ukali wake hauonekani kwa kusoma tu. Msafara ukienda msituni siku 3, bahati ya kutopotea hata mara moja ni 8 katika 27, yaani chini ya theluthi. Jangwani kwa siku hizo 3 ni 1 katika 8. Kwa hiyo msafara usio na mjuzi utapotea. Ni kama yakini. Na kila siku ya kupotea ni siku ya chakula kilicholiwa bure. Nyika ya mchezoni imeumbwa kwa shaka za namna hii: hapana ajuaye kwa hakika alipo, wala siku zilizobaki, wala kilichopita hapo jana usiku. Shaka hizo zikiondolewa hubaki maelezo ya miti na mawe, nayo huchosha upesi.

Mtu wa nyika alizaliwa mwaka mmoja baada ya mchezo wenyewe. Katika toleo la pili la jarida The Strategic Review, la majira ya joto ya 1975, Joe Fischer aliandika fani mpya ambayo jina lake la Kiingereza, kwa matamshi ya Kiswahili, laweza kuandikwa renja. Katika Uingereza ya zamani jina hilo lilikuwa la maofisa waliozunguka kuilinda misitu ya mfalme. Lakini fani hii haikutoka katika misitu ya mfalme. Ilitoka katika hadithi ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, iliyochapishwa 1954 na 1955, ambamo Aragorn, mrithi wa kiti cha enzi, aishi nyikani kaskazini na kuwalinda watu wasiomjua wala kumshukuru. Asili hiyo ilikuwa neema na mzigo pia, kwani hadithi humwumba mtu mmoja mwenye mambo yake, na fani yataka kuwa ya watu wengi.

Mzigo ulionekana mwaka 1978, Gygax alipoiingiza fani hiyo katika Players Handbook. Renja wa kitabu hicho hupata nguvu ya ziada akipigana na majitu na viumbe wa jamii yao, na nguvu hiyo huongezeka kila daraja. Jambo hilo halihusu nyika hata kidogo. Lahusu maadui wa Aragorn. Afikapo daraja la 10 huruhusiwa kutumia vyombo vya ajabu vya kuonea mambo ya mbali. Asiyesoma hadithi ya Tolkien, ambamo Aragorn alitazama katika jiwe la namna hiyo, hawezi kukisia kwa nini mtu wa porini akapewa chombo cha mtabiri. Makosa haya ni ya kawaida kwa kila mtungaji aanzaye na mtu badala ya kazi.

Neema ilikuwa katika makatazo. Renja wa 1978 ni lazima awe mwema. Akiacha wema huipoteza fani na kuwa mpiganaji wa kawaida. Hawezi kumiliki ila vile awezavyo kuchukua mwilini mwake na juu ya mnyama wake. Mali izidiyo hapo aitoe. Hawezi kuajiri watu mpaka afike daraja la 8. Tena renja zaidi ya 3 hawawezi kwenda pamoja. Wachezaji wengi waliyanung'unikia makatazo hayo wakayaona ni adhabu, na matoleo ya baadaye yakayaondoa moja baada ya moja. Lakini tazama yalivyofanya kazi. Mtu asiyeweza kumiliki asichoweza kukibeba ni mtu asiye na nyumba, bila kitabu kusema hana nyumba. Kila hazina ipatikanapo humlazimu kuchagua, na wenzake wakiona akiacha dhahabu chini hufahamu yeye ni nani kuliko wangefahamu kwa kurasa 10 za wasifu.

Kanuni iliyo bora kuliko zote katika fani ile ilikuwa ya kufuata nyayo, nayo yastahili kuelezwa kwa tarakimu. Renja akiwa nje hufuata nyayo kwa bahati ya 90 kwa mia. Akifuata kundi huongezewa 2 kwa kila kiumbe baada ya wa kwanza. Kwa kila saa 24 zilizopita tangu nyayo zikanyagwe hupunguziwa 10. Kwa kila saa moja ya mvua hupunguziwa 25. Ikiwa basi wanyang'anyi 4 walipita siku 2 zilizopita, na tangu hapo mvua imenyesha saa moja, hesabu ni 90, kuongeza 6, kutoa 20, kutoa 25: jumla 51 kwa mia. Ni karibu sawa na kutupa sarafu juu. Ikinyesha saa moja tena, yabaki 26.

Uzuri wa kanuni hii hauko katika tarakimu zenyewe, ambazo zingeweza kuwa nyingine. Uko katika yale inayowafanya watu waseme mezani. Mchezaji aisomaye mara moja tu hujifunza kuuliza: mvua imenyesha? Walipita lini? Walikuwa wangapi? Naye msimamizi, ambaye pengine hakuwa amefikiri habari za mvua, hana budi sasa kuijua hali ya hewa ya nchi yake. Mawingu yakitanda magharibi, msafara mzima huingiwa na wasiwasi, na shauri la kulala au kuendelea gizani huwa shauri la kweli. Kanuni imeileta mvua duniani. Mjuzi wa nyika si mtu asiyeshindwa na mvua. Ni mtu ambaye kwa ajili yake mvua ina maana.

Fani nyingine ya nyika, druidi, yaweza kupitiwa kwa haraka. Ilitokea kwanza kama adui katika kitabu Greyhawk cha 1975, ikawa fani ya wachezaji katika Eldritch Wizardry cha 1976. Jina ni la makuhani wa Wakelti wa kale, ambao Julius Caesar aliandika habari zao, lakini druidi wa mchezoni hahusiani nao sana: ni mganga wa mimea na wanyama, awezaye kujigeuza mnyama, asiyevaa chuma mwilini. Tofauti yake na renja ni kwamba renja huijua nyika, hali druidi huiamuru. Kuamuru ni rahisi kuandikia kanuni, na pengine ndiyo sababu druidi hajawahi kuwasumbua watungaji kama renja. Mtu ageukaye tai ana faida ambayo kila mmoja aiona. Mtu ajuaye kuwa tai wakizunguka hapo pana mzoga, faida yake yategemea kwamba kuna mzoga, na kwamba kuna mtu aliyejali kuuweka.

Matoleo yaliyofuata yaliisukuma fani ya renja upande wa vita. La 1989 lilimpa ustadi wa kupigana kwa silaha mbili, moja kila mkono; la 2000 lilimpa orodha ya maadui achague aliowazoea. Nyika ikabaki kama rangi ya nguo. Mwaka 2014 ilipotolewa chapa ya tano, na kampuni ya Wizards of the Coast iliyokuwa imeinunua ile ya kwanza mwaka 1997, watungaji walitaka kumrudishia renja nchi yake. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ndiyo yaliyo kiini cha maelezo haya.

Katika kanuni za 2014 renja huchagua aina moja ya nchi kati ya 8, na baadaye, katika daraja la 6 na la 10, huongeza nyingine. Msafara ukisafiri saa moja au zaidi katika nchi aliyoichagua, ardhi mbaya haiupunguzii mwendo. Msafara hauwezi kupotea ila kwa uchawi. Renja huwa macho kwa hatari hata akishughulika na jambo jingine. Akitafuta chakula hupata mara mbili ya kawaida. Akifuata nyayo hujua hesabu kamili ya waliopita, ukubwa wao, na wakati waliopita. Tena kuna uganga wa daraja la kwanza, uwezao kutumiwa na druidi na renja, ambao hutoa matunda 10, na kila tunda humtosha mtu kwa siku nzima.

Ukisoma orodha hiyo upesi waweza kusema kwamba hapana mtu aliyewahi kupewa heshima zaidi nyikani. Sasa fikiri meza yenye watu 5. Mmoja amechagua renja kwa kuwa apenda safari, na kati ya nchi zile 8 amechagua msitu. Baada ya majuma kadhaa msafara wafika ukingoni mwa msitu mkubwa, nao wapaswa kuuvuka kwa siku 4. Mchezaji huyo asogeza kiti. Msimamizi afungua kitabu, aona kwamba hawawezi kupotea, hawacheleweshwi, hawawezi kufa njaa wala kuviziwa kwa urahisi, asema, "Siku 4 zimepita, mmetoka upande wa pili." Yule aliyengoja saa yake imempita kwa sentensi moja. Kama wangefika jangwani badala ya msituni, wangepotea, wangeona kiu, wangesimulia safari ile miaka. Lakini hapo yeye hana ustadi kuliko mwingine yeyote. Basi mahali alipo hodari nyika haipo, na mahali nyika ipo yeye si hodari.

Yafaa kulinganisha na mpiganaji. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba mpiganaji akiwa katika aina ya vita aliyoichagua hashindwi kamwe, na kwamba vita hivyo visichezwe. Mtungaji ajua kwamba vita ndiyo raha ya mpiganaji. Humpa pigo moja zaidi, ngao bora, uwezo wa kustahimili, kisha humwacha apigane zamu baada ya zamu hata usiku wa manane. Kwa renja alifanya kinyume: alidhani safari ni ushuru ulipwao kabla ya kufika penye mchezo, akamsamehe ushuru. Hii si hitilafu ya tarakimu iwezayo kusahihishwa kwa kuongeza au kupunguza. Ni hitilafu ya kutojua kazi ya mhusika ni ipi.

Malalamiko yalikuwa mengi, na wenye mchezo waliyasikia. Mwaka 2016 walitoa renja mwingine wa majaribio. Mwaka 2020, katika Tasha's Cauldron of Everything, walitoa vipengele ambavyo mchezaji angeweza kuviweka mahali pa vile vya zamani. Na katika Player's Handbook mpya ya 2024 uchaguzi wa nchi haumo tena. Mahali pake kuna uganga wa kumtia adui alama ili apigwe zaidi, ustadi uliozidishwa katika jambo moja, na lugha 2 za ziada. Wanafunzi wa lugha wataifurahia hiyo zawadi ya mwisho. Lakini ni dhahiri kilichotokea: badala ya kutengeneza mlango, ukuta umezibwa. Renja wa 2024 ana nguvu kuliko wa 2014, na nyika imetoka katika maneno ya fani yake.

Michezo mingine ilitafuta njia tofauti. The One Ring, mchezo wa Francesco Nepitello uliotolewa 2011 juu ya nchi ya Tolkien yenyewe, huigawa kazi ya safari kwa wasafiri wote: mmoja huongoza njia, mmoja hutangulia kupeleleza, mmoja huwinda, mmoja huwa mlinzi. Nyika huwa shida ya kila mmoja, na renja wa pekee hahitajiwi. Dungeon World ya 2012, iliyotungwa na Sage LaTorra na Adam Koebel, ilimweka renja lakini ikampa kanuni ya namna nyingine. Akifuata nyayo na dadu zikimkubali, huzifuata mpaka mwelekeo au namna ya mwendo ibadilike sana. Maneno hayo ya mwisho ni machache lakini yamebeba mengi. Nyayo hazimfikishi renja mwisho wa safari. Zamfikisha kwenye jambo: mto ambapo waliofuatwa walipanda mashua, mwamba ambapo mmoja alibebwa na mwenzake. Hapo dadu zikiwa njema sana anaweza kujua kwa nini nyayo zimekoma, au kupata habari nyingine ya manufaa juu ya amfuataye. Kanuni yatoa jawabu, na jawabu lafungua swali.

Tofauti hii yaweza kuonyeshwa kwa sarufi ya Kiswahili vizuri kuliko kwa hesabu. Kanuni ya 2014 ikitafsiriwa husema: renja hapotei. Kitenzi hicho cha kukanusha kimefunga mlango. Hakuna sentensi ifuatayo. Mtungaji angeweza kuandika: renja akipotea hujua kuwa amepotea. Sentensi hiyo ya pili yampunguzia msafara hatari kubwa kuliko zote, kwani katika kanuni za 1981 uovu wa kupotea ulikuwa katika kutojua. Lakini nyika yabaki ilipo. Renja husimama, huwaambia wenzake, "Hapa siko," na mazungumzo huanza: turudi mpaka kwenye mti uliochomwa na radi, au tukate njia kuelekea mahali ndege wanapokwenda jioni? Vivyo hivyo, mahali pa "hupata chakula mara mbili" pangeweza kuandikwa: "akikosa chakula cha wote, hupata cha baadhi, naye huchagua nani ale." Mahali pa "huwa macho daima" pangeweza kuandikwa: "kabla ya hatari kufika humwuliza msimamizi swali moja, naye hujibiwa kweli." Kiambishi -ki- kina kazi kubwa katika fani ya nyika. Fani iliyoandikwa kwa ha- na hu- peke yake ni fani ya mtu ambaye mambo yake yamekwisha.

Swali moja lahusu hatari ya kuchosha. Wako wasemao kwamba safari ikichezwa siku kwa siku, na chakula kikihesabiwa punje kwa punje, watu watasinzia, na kwamba kanuni ya 2014 iliandikwa ili kuwaokoa. Neno hilo lina haki. Msimamizi atupaye dadu mara 4 kwa siku 4 bila jambo kutokea amewapotezea watu jioni yao. Lakini dawa ni kupunguza mara za kuuliza, si kufuta swali. Msitu wa siku 4 waweza kuwa na jambo moja tu, la mto uliofurika. Likichezwa kwa ukamilifu latosha.

Limebaki jina, na hapo mtungaji wa Kiswahili ana shida ambazo Mwingereza hana, pamoja na faida. Kiingereza kina neno moja kwa nchi zote zisizokaliwa. Kiswahili huzigawa. Nyika ni nchi kavu iliyo wazi, yenye nyasi au vichaka. Pori ni mahali pasipo watu wala mashamba, pawe na miti au pasiwe nayo. Msitu na mwitu ni penye miti, na mwitu huazimwa kuwasifu wanyama wasiofugwa. Zile nchi 8 za 2014 zikitafsiriwa huwa nchi ya barafu, pwani, jangwa, msitu, mbuga, milima, kinamasi, na nchi ya chini ya ardhi. Msomaji wa Mombasa au Bagamoyo atashangaa kuikuta pwani kati ya nyika, kwa kuwa katika lugha yake pwani ni kinyume cha nyika: ni misikiti, majumba ya mawe, biashara na mashairi, na nyika huanzia pale pwani inapokwisha.

Hapo ndipo ilipo hatari ya jina Mnyika, ambalo kwa sarufi lingefaa kabisa. Watu wa pwani ya Mombasa waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, na jina hilo lilikuwa na dharau. Wenyewe wanajiita Mijikenda. Jina la watu wa kweli lililoachwa kwa sababu ya ubaya wake halifai kuokotwa kwa mchezo. Mwindaji halifai pia, kwa kuwa katika kitabu cha 2014 hilo ni tawi moja tu la fani. Mpelelezi limechukuliwa na polisi. Mzururaji lingekaribia sana asili ya neno la Kiingereza, yaani kuzunguka huku na huku, lakini uzururaji siku hizi ni shtaka mahakamani. Askari wa hifadhi ni mtu wa mshahara na sare, mwenye mkubwa wa kumpa taarifa.

Kirangozi lavutia kuliko yote. Ndiye aliyetangulia mbele ya misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na bara, akiijua njia na vituo vya maji. Neno lina heshima na historia, na mchezaji wa Afrika Mashariki angelijua mara moja. Lakini kirangozi aliongoza mamia ya watu katika njia zilizokwisha kukanyagwa, na renja wa 1978 alikatazwa hata kuwa mmoja wa watu 4 wa aina yake. Kwa mhusika wa The One Ring aongozaye wenzake jina hilo lafaa bila marekebisho. Kwa renja ni kubwa mno. Mwananyika, kwa mfano wa mwanamaji, lingeweza kukubalika kama mwana- ingesikika kuwa ya kazi. Hatari ni kwamba wengine wataisikia kama katika mwananchi, nao watarudi kule kule kwenye Mnyika. Ndiyo maana makala haya yametumia mjuzi wa nyika kwa kazi na renja kwa fani iliyochapishwa, bila kudai kwamba shauri limekwisha. Mtungaji atakayeandika fani hii kwa Kiswahili kwanza, bila kuitafsiri, atalazimika kuanza na ardhi: je, mhusika wake ni wa nyika, wa pori, au wa mwitu? Akijibu hilo tu, nusu ya kanuni zake zitakuwa zimejiandika, kwa kuwa aliye wa nyika hutafuta maji, na aliye wa mwitu hutafuta njia.